Talaka Tanzania Bara: mwongozo kamili kwa wanaorudishwa na mahakama kila mara

Wiki iliyopita mama mmoja kaja na faili lake la plastiki, ndani kuna barua yenye muhuri wa mtaa imeandikwa "wanandoa hawa wameshindwana, tunaomba wasaidiwe". Mahakama ilikuwa imemrudisha mara ya pili na yeye anaapa hakimu kahongwa na mume wake. Hakimu hajahongwa na mtu, ile karatasi haikuwa hati ya baraza la ndoa, ndo basi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, nakaa na watu kama huyu kila siku na nimechoka kurudia maneno yaleyale, kwaiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Hatua ya pili humu ndani ni ndefu kuliko zote, makusudi kabisa, manake hapo ndo kesi nyingi zinafia kabla hata hakimu hajasikia mlichogombania.

Jambo moja kabla hatujaanza. Hii ni ya Tanzania Bara, tunakotumia Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29. Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama zao za Kadhi, wa Kenya nao wana sheria yao, usichukue hii ukaenda nayo Mombasa.

Na kama unapigwa au umetishiwa kuuawa, acha kusoma, nenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), nenda hospitali. Talaka itasubiri. Hizo karatasi za polisi na za daktari utakuja kuzihitaji kwenye hatua ya sita.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usianze na kwenda mahakamani, anza na bahasha. Weka humo:

- Cheti cha ndoa, original na kopi tatu nne. Kimepotea au mwenzio kakificha? Fuatilia nakala mlipofungia ndoa au RITA, wakala wa serikali wa usajili, usikae kumbembeleza akupe.
- Kama ndoa yenu ni ya kimila na hamna cheti, majina na simu za watu wawili watatu waliokuwepo mahari ilipotolewa.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake.
- Karatasi zozote za mali: hati ya kiwanja, mkataba wa mauziano uliosainiwa serikali ya mtaa, kadi ya gari au bodaboda, risiti za saruji, bati, nondo, fundi, mkopo wa vikoba au benki.
- Ushahidi wa mgogoro wenyewe: PF3, karatasi za hospitali, RB ya polisi (namba ya taarifa uliyoripoti), meseji. Meseji usiziache kwenye simu tu, simu inaibiwa, inaanguka chooni, mwenzio anaifuta usiku umelala. Piga skrinshoti namba yake na tarehe zionekane, kaprinti steshenari.
- Daftari jipya. Humo andika tarehe na matukio: lini mlifunga ndoa, lini alihama chumba, lini aliacha kutoa hela ya kula, kikao cha wazazi kilikaa lini na nani walikuwepo.

Hilo daftari watu wanalidharau sana. Mahakamani unaulizwa "mwezi gani?" na mtu aliyeishi kwenye vita miaka sita hakumbuki mwezi, anaanza kubabaika, anaonekana muongo wakati anasema kweli tupu.

## Hatua ya 1: Jua unataka nini hasa

Wengi wanasema "nataka talaka" kumbe wanataka hela ya watoto. Hivyo ni vitu viwili. Matunzo ya mke na watoto unaweza kuyadai ukiwa bado kwenye ndoa. Pia mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana, yaani kila mtu anakaa kwake kisheria ila ndoa bado ipo na hakuna anayeruhusiwa kufunga nyingine kana kwamba ya kwanza imekufa.

Angalia na umri wa ndoa. Ikiwa haijafika miaka miwili, huwezi kufungua talaka moja kwa moja, unaomba kwanza kibali cha mahakama na unaonyesha kwamba unapitia mateso yasiyo ya kawaida. "Tumegundua hatuendani" haitoshi kwa ndoa ya miezi minane.

Na wale ambao hamkufunga ndoa yoyote ila mmekaa pamoja miaka miwili au zaidi na majirani wote wanawajua kama mke na mume, sheria kifungu cha 160 inadhania mmeoana, ila ni dhana tu, mwenzio anaruhusiwa kuibomoa kwa ushahidi. Hata ikibomoka, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo na watoto na nafuu nyingine. Usikubali kuambiwa "wewe ulikuwa hawara tu toka na begi lako".

## Hatua ya 2: Baraza la usuluhishi wa ndoa

Hapa tulia, soma mara mbili.

Kifungu cha 101 kinasema hakuna kufungua talaka mpaka mgogoro upelekwe kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa na bodi ithibitishe kwamba imeshindwa kuwapatanisha. Mtaani tunaiita baraza, kila kata inatakiwa kuwa nalo. Pia kuna mabaraza ya jumuiya za dini ambayo Waziri ameyatambua, kwa Waislamu wengi wanapitia BAKWATA, baraza kuu la Waislamu.

Sasa sikiliza vitu ambavyo SIO baraza: kikao cha wazazi wa pande mbili, kikao cha ukoo, mwenyekiti wa mtaa peke yake, mtendaji, ofisi ya ustawi wa jamii, mchungaji aliyewafungisha ndoa, mshenga. Wote hawa wanaweza kuwasaidia na vikao vyao ni vizuri tu, ila karatasi yao haikufikishi popote. Kanisa au msikiti nao uliza kabisa: "hili baraza lenu limetambuliwa kama bodi ya usuluhishi wa ndoa?" Wakianza kuzunguka zunguka kwenye kujibu, nenda kata.

### Unafanyaje

Nenda ofisi ya kata, uliza siku wanayokaa baraza, mengi yana siku maalum kwa wiki. Kama wewe na mwenzio mnakaa kata mbili tofauti, uliza mapema kama hilo ndo lenye mamlaka kwenu, ukikosea hapo mwenzio atapata pa kupingia baadaye.

Peleka malalamiko kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: majina, mlifunga ndoa lini na wapi, watoto wangapi, tatizo ni nini. Usimalizie kwa "naomba mtupe talaka", baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa, lipo kusuluhisha. Andika "naomba baraza litusuluhishe, na likishindwa litupatie hati".

Baraza litamwita mwenzio. Hamuendi na mawakili, hiki ni kikao cha kuongea na sheria imewazuia kuwawakilisha hapo. Kila mmoja anasikilizwa, wanaweza kuita mashahidi, wanaweza kuwapa muda mkajaribu mkarudi. Nenda kwa nia safi hata kama moyoni umeshamaliza. Kuna dada alifika barazani akawaambia wazee "mimi nimekuja kuchukua fomu tu", wakamfukuza, na mimi siwalaumu.

Mwenzio akiitwa akagoma? Ndo watu wengi wanakata tamaa hapo, wanasema "hajaja kwaiyo baraza haliwezi". Linaweza. Akigoma makusudi baada ya kuitwa ipasavyo, sheria haikufungii mlango, cha msingi wito uwe wa maandishi na iandikwe kwamba aliitwa tarehe fulani na fulani hakutokea. Omba hilo liandikwe.

### Hati yenyewe

Likishindwa, baraza linatoa hati, wengi mnaijua kwa jina la Fomu Namba 3. Ukipewa usiikunje uweke mkobani ukakimbilia daladala. Simama hapohapo mlangoni uisome. Iwe na:

1. Kichwa kinachoonyesha waliokaa ni bodi ya usuluhishi wa ndoa. "Ofisi ya Mtendaji" juu ya karatasi ni balaa.
2. Majina yenu yote mawili, yafanane na cheti cha ndoa. Kwenye cheti wewe ni Mwanaidi, kwenye hati wamekuandika Mama Salumu, rudisha.
3. Maneno yanayosema wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. "Tunawapeleka mahakamani kwa hatua zaidi" hayasemi hivyo. Hii ndo kasoro ninayoiona kuliko zote.
4. Saini ya mwenyekiti, muhuri, na tarehe. Baraza linakaa mwenyekiti na wajumbe, wasiopungua wawili, hati iliyosainiwa na karani peke yake ni ya mashaka.

Baraza linaruhusiwa pia kuambatanisha mapendekezo yao kuhusu watoto au mali. Ni mapendekezo, mahakama haifungwi nayo.

Tarehe ni muhimu kwa sababu hati inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ukichukua hati Januari ukaenda Kahama kutafuta hela ukarudi Septemba, hiyo karatasi imekufa, unaanza upya barazani.

Na usidhani "hakimu wangu ni mpole atanielewa". Hakimu anaweza kupitiwa, mkasikilizwa mkapewa na talaka kabisa, mwenzio akakata rufaa na huko juu wakaona hati ina kasoro au haipo, mwenendo wote ukafutwa. Hili limeshafika mpaka Mahakama ya Rufani na watu wamejikuta bado ni mke na mume baada ya miaka ya kesi. Kwaiyo kosa la dakika tano la kata linakula miaka yako.

### Nani halazimiki kupita barazani

Sheria imetaja wachache ambao wanaweza kwenda bila kupitia usuluhishi: mwenzio kakutelekeza na hujui aliko, mwenzio yuko nje ya nchi na hategemewi kuingia ndani ya miezi sita baada ya kufungua, mwenzio kaitwa barazani akagoma makusudi kama nilivyosema, mwenzio anatumikia kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua mitano, mwenzio ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama yenyewe ione kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Ukiwa kwenye kundi hili lazima ulieleze kwenye madai yako na ulithibitishe, mahakama haiwezi kulibahatisha.

Utajua hatua hii imekaa sawa: umeshika hati yenye vitu vinne vya hapo juu, umepiga kopi tatu, na umeandika kwenye daftari tarehe ambayo miezi sita inaisha.

## Hatua ya 3: Kwa Waislamu tu, mpangilio wa talaka

Mume kaandika talaka kwenye karatasi ya daftari au kaituma WhatsApp, mke kakaa eda kamaliza, karudi kwao, kaolewa. Kwa dini mtaulizana na masheikh wenu. Kwa Sheria ya Ndoa ile ndoa ya kwanza bado ipo mpaka mahakama iivunje, na mwanamke aliye ndani ya ndoa hawezi kufunga nyingine, hiyo ya pili ni batili. Haya yanaibuka kwenye mirathi, mume wa pili kafa, ndugu zake wanatoa kopi ya cheti cha ndoa ya kwanza mezani, sasa hapo usiniulize.

Kifungu cha 107(3) kimetoa njia nyepesi kwa ndoa za Kiislamu na ina mpangilio: ndoa ilifungwa Kiislamu, bodi ikathibitisha imeshindwa kuwapatanisha, na BAADA ya hiyo hati mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa. Vikithibitika vyote vitatu mahakama inatamka ndoa imevunjika na kutoa talaka, hamna haja ya kuanza kusimuliana nani alimkuta nani na nani.

Umeona neno baada? Wengi talaka imetoka Machi, barazani wameenda Juni. Huo mpangilio hauingii kwenye njia nyepesi, itabidi uthibitishe kuvunjika kwa ndoa kama watu wengine.

## Hatua ya 4: Kufungua shauri

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo wa kusikiliza talaka. Kwa mtu wa kawaida nashauri Mwanzo, iko karibu, kila kitu ni Kiswahili, gharama ndogo, na wengi wanasimama wenyewe. Kama mali ni nyingi na zina makampuni na mikopo ya benki ndani yake, tafuta wakili na anzia juu kidogo.

Hela ya wakili haipo? Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC yanatoa msaada wa kisheria bure, na wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Anayejiita msaidizi wa kisheria akakudai laki mbili ya "kufungulia faili", mkimbie.

Kwenye madai andika kwa mtiririko: ndoa ilifungwa lini na wapi, mliishi wapi, watoto na umri wao, mgogoro, mlipita baraza gani na hati imetolewa lini. Alafu mwisho unaomba. Na hapa kuna shimo jingine, mtu anaomba talaka tu, anapewa talaka tu, anatoka nje anauliza "na nyumba?" Taja maombi yako yote:

- ndoa ivunjwe
- mali zilizochumwa kwa pamoja zigawanywe, na uziorodheshe moja moja na zilipo
- watoto wakae na nani, na mwingine awaone vipi
- matunzo ya watoto, na ya kwako kama unadai

Usiandike "mali zote". Andika "nyumba ya vyumba vitatu, mtaa fulani, kiwanja namba fulani". Hakimu hawezi kugawa kitu asichokijua.

Ambatanisha hati ya baraza na kopi ya cheti cha ndoa. Ada unalipia kwa kontrol namba, hakuna hela ya mkononi, risiti weka kwenye bahasha.

### Kabla hajauza nyumba

Wengine wakisikia kuna kesi wanaanza kuuza. Nyumba ya familia mmoja hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzie ndoa ikiwa bado ipo, ni kifungu cha 59. Ikiwa ina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio. Kama haina, andikia serikali ya mtaa barua ukiwajulisha, wapige muhuri kwenye nakala yako, manake wao ndo huwa wanasainia mauziano. Alafu omba mahakama izuie.

## Hatua ya 5: Wito umfikie

Shauri haliendi mpaka mwenzio ajulishwe. Wito unapelekwa na mtu wa mahakama au kupitia serikali ya mtaa, wewe kazi yako ni kutoa maelekezo ya kueleweka ya anakoishi na anakofanya kazi, na namba ya simu. Usimpelekee mwenyewe ukamrushia dirishani.

Akikataa kusaini, aliyepeleka anaandika taarifa kwamba amekataa. Akipotea kabisa unaiomba mahakama njia nyingine ya kumjulisha, kama tangazo gazetini. Akijulishwa na asitokee, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja. Usishangilie sana hapo, akija na sababu nzuri anaweza kuomba ile hukumu iondolewe, na wito uliopelekwa kihuni ndo sababu yake nzuri ya kwanza.

## Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Una mizigo miwili ya kuthibitisha na watu wanabeba mmoja.

Mzigo wa kwanza, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Sheria imetaja mambo yanayoweza kuonyesha hivyo: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutokujali kwa makusudi, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua mitatu, kifungo kirefu, ugonjwa wa akili usiopona, na mengine. Sio lazima uwe nayo yote, moja lililothibitishwa vizuri linazidi saba ya kusimulia.

Ila huwezi kujengea madai kwenye kosa lako mwenyewe tu. Mwanaume kahamia kwa mwanamke mwingine, alafu anakuja kusema "ndoa imevunjika, sikai nyumbani". Nani alihama?

Shahidi bora ni aliyeona. Jirani aliyefungua mlango saa nane usiku ukakimbilia kwake anazidi dada yako ambaye yuko Mbeya na kila kitu alikisikia kwenye simu. Ukiwa unaulizwa maswali na mwenzio au wakili wake jibu ulichoulizwa, kwa kifupi, usimtukane wala usilie kwa kujilazimisha, mahakimu wameyaona hayo.

Mzigo wa pili, mchango wako kwenye mali. Kifungu cha 114 kinagawa mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja, na hata aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaweza kuingia kama iliboreshwa sana na mwenzie au na wote wawili wakati wa ndoa. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja kwa hela, mali au kazi, inaangalia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Ikishapima hayo sheria inaiambia iegemee kwenye usawa, ila nusu kwa nusu ya lazima haipo, futa hiyo kichwani.

Mama wa nyumbani anaulizwa "wewe ulichangia nini?" Jibu lipo tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani na kutunza familia ni mchango. Kila mtu anaitaja hiyo kesi, wachache wanasema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu ilionekana mume alishampa hela za kuanzia biashara na akazitumia vibaya. Kwaiyo kanuni ipo upande wako ila bado utaulizwa maswali ya hela.

Nikuonyeshe tofauti. Nimewahi kukaa benchi la nyuma nikasikiliza wanawake wawili siku moja. Wa kwanza kasema "tulijenga wote, mungu anajua". Wa pili kafungua kaunta buku iliyoloa mafuta ya taa pembeni: mifuko kumi ya saruji, hela imetoka kwenye mchezo, tarehe hii. Chakula cha mafundi watatu siku kumi na nne, nilipika mimi. Maji ya kumwagilia tofali madumu arobaini, nilichota mimi na Neema. Hakimu kavuta ile kaunta buku mezani kwake, kaanza kufunua kurasa mwenyewe. Mume aliulizwa kama anapinga maandishi yale, akabaki anasema "hayo ya maji ni ya kawaida".

Nyumba ikiwa imejengwa kwenye kiwanja cha mkwe ujue vita ni kubwa zaidi, kwa sababu mahakama haigawi mali ya mtu ambaye sio mwanandoa. Hapo risiti zako na mashahidi wa ujenzi ndo silaha, na pata ushauri wa wakili kabla hujataja hiyo nyumba kwenye madai.

Watoto. Mtoto chini ya miaka saba sheria inadhania ni vizuri akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Mkubwa anayeweza kujieleza anaulizwa. Usimfundishe maneno, hakimu akimwuliza swali la pili anaanguka. Na baba, mtoto kukaa kwa mama hakukuondolei wajibu wa kumtunza, na mama, baba kuchelewesha hela hakukupi ruhusa ya kumficha mtoto.

## Hatua ya 7: Hukumu

Siku ya hukumu sikiliza amri moja moja na uandike. Kisha omba kwa maandishi nakala ya hukumu na tuzo, siku hiyohiyo. Tuzo ni ile karatasi fupi yenye amri zenyewe, bila hiyo RITA hawana cha kusajili.

Hujaridhika? Kutoka Mwanzo unakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Wilaya au Hakimu Mkazi unaenda Mahakama Kuu, siku 45. Zinahesabika na Jumapili zote, sio siku za kazi.

Utajua imekaa sawa: tuzo inataja ndoa imevunjwa, inataja kila mali na nani kapata kiasi gani, inataja watoto kwa majina na kiasi cha matunzo. Ikisema tu "mali zigawanywe kwa haki", utarudi kugombana upya.

## Hatua ya 8: Baada ya hukumu

Peleka nakala zilizothibitishwa RITA usajili talaka upate cheti cha talaka. Watu wanaruka hii kisha miaka mitano mbele wanataka kufunga ndoa nyingine, mfungishaji anauliza cheti, wanaanza kutafuta faili la mahakama lililoko stoo. Wakatoliki na wengine mlioolewa kanisani, cheti cha serikali hakifungui ndoa ya kanisa, hilo linaendeshwa na vyombo vya kanisa lenyewe.

Mwenzio akikataa kutoa mali au matunzo yaliyoamriwa, usiende kuchukua friji kwa nguvu na kaka zako. Rudi mahakama ileile na maombi ya kukazia hukumu, inaweza kuagiza mali ikamatwe iuzwe.

Kama umepewa nyumba au kiwanja, badilisha jina mapema, ofisi ya ardhi kama kina hati, serikali ya mtaa kama hakina. Alafu pita kwenye vitu vidogo ambavyo bado vina jina lake: akaunti ya pamoja benki, bima ya afya, na taarifa za wategemezi wako NSSF au PSSSF. Hizo za mifuko ya jamii nenda na kopi ya cheti cha talaka na uombe wakugongee muhuri wa kupokea kwenye barua yako.